Kupima, pakiti au jumla: namna tatu za kununua Mtwara na plastiki inayobaki nyumbani

Sukari ni ileile na duka ni lilelile, ila inauzwa kwa namna tatu. Ipo ya pakiti, imefungwa kiwandani. Ipo ya kupima, inachotwa kwenye kiroba na kuwekwa kwenye mzani: robo, nusu, kilo. Na ipo ya jumla, kiroba kizima unakipakia kwenye bodaboda hadi nyumbani. Ukienda Ligula, Chuno, Magomeni au Mikindani mambo ni hayo, na Lindi mjini ni hayohayo. Wengi wetu tunachagua kwa kuangalia pesa iliyopo mfukoni siku hiyo, na sioni ubaya wake. Naomba tu tuongeze swali moja: sukari ikishaisha, mkononi kinabaki nini, na kinaenda wapi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa vyakula vikavu na sabuni, kupima kwa chombo chako mwenyewe ndiyo namna inayofaa nyumba nyingi za huku. Jumla inafuata, na mahali pengine inashinda kabisa, mradi mna pa kuhifadhia na mna wenzenu wa kugawana nao. Vipakiti vya mia mia ndivyo vinavyotuumiza, mfukoni na uani. Hata hivyo kuna vitu ambavyo nitakushauri uvinunue ndani ya pakiti yake, plastiki isiwe kisingizio.

Huko Ujerumani, jijini Berlin, lilifunguliwa mwaka 2014 duka liitwalo Original Unverpackt. Utaratibu wake ulikuwa huu: mteja anakwenda na vyombo vyake, vinapimwa vikiwa vitupu, anajaza anachotaka, analipia uzito wa kilichomo tu. Sisi kuchota na kupima tunakufanya kila siku sokoni na kwenye maduka ya mtaani. Tunapopoteza ni pale mwishoni: muuzaji anavuta kifungashio kipya cha nailoni kwa kila robo ya maharage, anakipuliza kifunguke, anamimina, anafunga fundo. Ukinunua vitu sita, umerudi na nailoni sita, na fundo likikaza inabidi uichane, kwa hiyo haitumiki tena.

Rambo zimekwenda, vifungashio vimebaki

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Aliyelitangazia Bunge ni Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule na mbunge wa Ruangwa, mtu wa huku kwetu Lindi. Kanuni zikaweka faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, kwa anayekutwa na mfuko huo. Rambo zikaondoka barabarani haraka kuliko wengi tulivyotarajia, na sifa hiyo wananchi wanastahili.

Lakini plastiki ya kufungashia vyakula na bidhaa za viwandani haikuguswa, na kwa kisingizio cha ruhusa hiyo vile vifuko vyepesi vinavyoonyesha vimegeuka vya kubebea nyanya, dagaa na vitumbua. Kuna na mfuko mbadala, ule unaoshikika kama kitambaa. Nao ni plastiki, aina ya polipropilini, ingawa haung'ai. Ukinunua mmoja kila unapokwenda sokoni kwa sababu umesahau wa jana nyumbani, unazalisha taka nzito kuliko ile ya rambo. Kapu la ukili linalofumwa na kina mama wa huku linafanya kazi hiyo miaka, na likichakaa linaoza lenyewe.

Ni vizuri kujua pia kwamba plastiki zote hazifanani pale zinapotupwa. Kipakiti kidogo cha sabuni ya unga, viungo au kahawa mara nyingi kimetengenezwa kwa tabaka zaidi ya moja zilizogandishwa pamoja, plastiki juu ya plastiki, au plastiki na utando wa alumini. Kuzitenganisha ni kazi isiyolipa, ndiyo maana huwaoni wanaonunua makopo na machupa kwa kilo wakiviinamia. Kifungashio laini nacho ni chepesi mno, kinachafuka kwa mafuta na mchanga, hakina mnunuzi. Vyote viwili huishia kuchomwa uani jioni, moshi ukiingia madirishani kwa watoto, au hupeperushwa hadi mferejini na kutoka hapo baharini. Nani asiyejua upepo wa kusi unavyosukuma taka? Na upande wa Msimbati tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambako kasa hupanda ufukweni kutaga.

Chupa ya maji na dumu ni habari nyingine. Vina mnunuzi, vina kazi ya pili. Dumu la mafuta la lita 20 likishaoshwa linakuwa la maji, na katika mitaa ambako bomba linatoka kwa mgao, hakuna anayelitupa. Kiroba cha sukari kinabeba mkaa, kinaanikia mihogo, kinatandikwa chini ya ufuta. Ndiyo maana nasema jumla, ingawa nayo inakuja na plastiki, haiachi taka kama vipakiti: ni plastiki moja nzito yenye umri mrefu, badala ya mia moja nyepesi zenye umri wa dakika.

Hesabu ya bei, na mzani

Kipakiti kidogo kinaonekana rahisi kwa sababu kinadai shilingi mia tu. Piga hesabu hii: kifuko cha gramu 20 kwa shilingi 100. Kilo moja ni vifuko 50, kwa hiyo kilo umeinunua 5,000. Hizo ni namba za mfano. Weka gramu na bei za dukani kwako, kisha uliza kilo ya kupima ni kiasi gani. Fanya hivyo kwa sabuni, majani ya chai, viungo vya pilau na maziwa ya unga. Mara nyingi utakuta anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilo, na huyo kwa kawaida ndiye mwenye kipato kidogo.

Pakiti ina faida moja ya haki ambayo siwezi kuipuuza: uzito umeandikwa. Kwenye kupima unategemea mzani na mkono wa mtu. Watu wa Kusini hatuna haja ya kufundishwa ubaya wa kipimo cha ujanja. Kangomba imewaumiza wakulima wa korosho miaka na miaka, mnunuzi akija na bakuli lake kabla ya mnada na kuliita kilo. Kwa hiyo ukipima, pima kwa mzani, si kwa kopo. Kopo na kisado vina tabia ya kubonyezwa kitako, na mkono unaopima unaweza kulundika au kusawazisha. Angalia kama mzani una stika ya Wakala wa Vipimo. Angalia mshale umesimama kwenye sifuri, au namba inasoma sifuri, kabla kitu hakijawekwa.

Sasa kuhusu chombo chako. Wauzaji wengi wanakataa chombo cha mteja kwa sababu moja tu, uzito wake unaharibu hesabu. Dawa ni ndogo. Kwenye mzani wa kidijitali, chombo kitupu kinawekwa kwanza, kitufe cha kurudisha sifuri kinabonyezwa, kisha ndipo anachota. Kwenye mzani wa mawe, apime kwenye sahani yake ya kila siku kisha amimine kwenye kopo lako. Sema kabla hajashika nailoni, kwa sababu mkono wake umezoea na unatangulia: "Kaka, shikamoo. Nipimie mchele kilo mbili, weka humu." Akishakuzoea, ukifika na ndoo yako ananyoosha mkono mwenyewe. Naye anapata nafuu, maana vifungashio ananunua kwa pesa yake.

Kitu kwa kitu

Mchele, maharage, choroko, mbaazi, karanga, sukari: pima, bila kufikiria mara mbili. Choroko na mbaazi zinalimwa hukuhuku, na kuzinunua ndani ya pakiti iliyosafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, ni kulipia nauli ya bure. Nazi haijawahi kuhitaji kifungashio. Mboga na nyanya zinaingia kapuni moja kwa moja.

Mafuta ya kula yanahitaji maelezo zaidi. Namna ziko tatu. Kuna chupa iliyofungwa kiwandani, ya nusu lita au lita moja. Kuna mafuta ya kupima, yanayotolewa kwenye dumu au pipa kwa pampu na kumiminwa kwenye chupa ya maji iliyokwisha tumika. Na kuna dumu zima. Kwa upande wa plastiki, kupima kunashinda ukija na chupa yako kila mara. Kwa upande wa afya, kuna mambo mawili. La kwanza, tangu kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye chakula, mafuta ya kula ya viwandani yanatakiwa kuwekewa vitamini A, na vitamini hiyo inaharibika kwa mwanga na hewa. Mafuta yaliyokaa kibarazani kwenye chupa nyeupe, jua la Mtwara likiyapiga tangu asubuhi, hayana tena ubora ule. La pili, dumu lililokwisha funguliwa huwezi kujua limeongezwa nini. Kwa hiyo ninachokipendelea ni hiki: familia mbili au tatu zinunue dumu la lita 20 lenye lakiri, lifunguliwe mbele yao, kila mmoja ajaze kwenye chupa zake na kuziweka kabatini gizani, na dumu achukue mwenye shida ya chombo cha maji. Ukiwa peke yako na pesa haitoshi, pima kwa muuzaji ambaye dumu lake liko ndani ya duka, si juani, na limefunikwa. Mafuta ya ufuta yanayokamuliwa Lindi na Mtwara nenda nayo kwa chupa ya kioo. Harufu yake inakaa vizuri, na kioo kinaosheka hadi kitakate.

Unga wa mahindi nao unagawanyika. Anayesagisha mahindi yake mashineni na kurudi na unga ndani ya ndoo yenye mfuniko, plastiki yake ni ndoo ileile ya kila wiki. Hakuna namna inayoshinda hiyo kwa taka. Ila unga wa pakiti wa kiwanda kikubwa, ukiwa na alama ya virutubishi, umeongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki, na hivyo ni vitu anavyovihitaji mama mjamzito. Nyumba yenye mjamzito, mimi ningemwekea huo wake na wengine waendelee na dona. Kwenye kusagisha, angalia mahindi yamekauka. Yakiwa na unyevu yanaota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupika.

Chumvi nunua ya pakiti. Najua hapa nagusa jambo la karibu, maana mashamba ya chumvi tunayo pwani yote hii, na chumvi ya mawe inauzwa kwa kopo bei ya chini kabisa. Tatizo ni madini joto, yaani iodini. Kukosa madini hayo kunaleta tezi la shingo, na kwa mtoto aliye tumboni kunaathiri ukuaji wa ubongo. Hata chumvi iliyowekewa madini, ikikaa wazi kwenye joto na unyevunyevu wa pwani, inayapoteza polepole. Pakiti ya nusu kilo inakaa wiki nyingi nyumbani, kwa hiyo taka yake ni ndogo sana ukilinganisha na faida. Ukifika nyumbani imimine kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Chumvi ya mawe iache kwa kukaushia samaki.

Dawa za hospitali na maziwa ya unga ya mtoto mchanga visipimwe kabisa, popote.

Sabuni ndiko ambako naona ushindi mkubwa uliosahaulika. Sabuni ya maji inatengenezwa na vikundi na wajasiriamali wadogo mitaani, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi Mtwara na Lindi. Mtengenezaji huyo anakaa hatua chache kutoka kwako. Kumpelekea dumu lako la lita tano akujazie ni jambo la dakika, na yeye anaokoa gharama ya chupa, kwa hiyo omba akupunguzie. Akikubali kwa nyumba moja atakubali kwa mtaa. Linganisha na vipakiti vya sabuni ya unga: nyumba yenye watoto wanne inayofua kila siku ya pili inamaliza rundo la vipakiti kwa mwezi, na hakuna hata kimoja chenye kazi ya pili. Sabuni ya kipande, ile miche inayokatwa kwa waya, haina kifungashio kabisa, na kwa kufulia kanga na sare za shule bado inafanya kazi yake. Ubaya wa sabuni ya maji ya kujaza ni mmoja: ikiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto ataigida. Dawa ya madoa ni hatari zaidi. Dumu la sabuni liwe na rangi yake, liandikwe kwa kalamu nzito, likae juu.

Samaki na dagaa: ndoo yenye mfuniko. Ukifika feri na ndoo, pweza anaingia akiwa mzima, maji hayamwagiki kwenye bajaji, na hutabaki na nailoni yenye shombo ambayo hata paka ataivuruga uani.

Chombo gani kisitumike

Hili nalisema kwa uzito wote. Mkoa wa korosho una makopo mengi ya viuatilifu. Mikorosho inapuliziwa dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, kila msimu, na kopo tupu la dawa ya maji linavutia: gumu, mfuniko unabana, saizi nzuri ya mafuta au mafuta ya taa. Kopo hilo halifai kuwekea chakula hata ukilisugua kwa mchanga siku nzima, na mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, haufai kuwekea mchele. Sumu inaingia kwenye plastiki yenyewe. Makopo hayo yatobolewe ili asije mtu akayaokota, na yarudishwe kwa utaratibu anaouelekeza afisa ugani wa eneo lenu. Vilevile chupa iliyokuwa na mafuta ya taa isirudi kwenye mafuta ya kula.

Chombo kizuri ni kile kilichokuwa na chakula tangu mwanzo: kopo la maziwa ya unga, chupa ya kioo ya asali, ndoo ya mafuta ya kupikia. Kioshwe, kikauke juani kabisa kabla ya kujazwa, maana tone moja la maji linaozesha kilo ya unga.

Jumla, na msimu wa korosho

Ushauri wa kununua jumla mara nyingi unatolewa na watu wenye mshahara wa kila mwezi. Pesa ya huku haiji hivyo. Minada ya korosho inaanza karibu na Oktoba, malipo yanaingia hadi mwanzoni mwa mwaka, halafu kuna miezi ambayo shilingi mia ndiyo iliyopo, na mtu anayenunua kipakiti cha mia hana kosa. Kwa mkulima, basi, swali ni la wakati. Malipo yakiingia, nunua jumla vitu visivyoharibika: sabuni ya miche, sukari, chumvi ya pakiti katoni nzima, na dumu la mafuta moja. Unga na mchele usijaze ghala, kwa sababu wakati huohuo mvua zinaanza, na hadi Aprili unyevu utakuwa mwingi. Fukusi na ukungu vitakula faida yote. Mchele wa mwezi mmoja kwenye ndoo inayobana unatosha.

Kwa asiye mkulima, vikoba ndiyo njia. Kikundi kinachokutana kila wiki kinaweza kutenga fungu dogo, kikanunua kiroba kimoja cha sukari na dumu la sabuni, kila mwanachama akaja na vyombo vyake siku ya mkutano. Wanahitaji mzani mmoja tu. Mwenye chumba kimoja cha kupanga, anayepikia jiko la mkaa mlangoni, hana pa kuweka kiroba. Huyo abaki na kupima, na makopo manne yenye mifuniko yanamtosha. Mama lishe yeye aende jumla moja kwa moja, maana anamaliza kiroba kabla fukusi hawajafika, na viroba vitupu anaviuza kwa wenye mkaa.

Kuhusu maji ya kunywa, mpangilio unafanana. Chupa ndogo ni za safarini. Nyumbani au ofisini, lile chupa kubwa la maji la kubadilishana, unarudisha tupu unachukua lililojaa, linaokoa chupa ndogo nyingi kwa wiki. Kuchemsha na kuchuja ni rahisi zaidi kwa nyumba yenye watu wengi, ingawa mkaa nao una bei yake, kwa hiyo chemsha jioni jiko likiwa bado na moto wa ugali. Na soda, kama unainywea palepale dukani, chukua ya chupa ya kioo: ikirudi kwenye kreti inaoshwa kiwandani na kujazwa tena.